Tumbo la Pikipiki na Visiki vya Ndera

Ndera hakuna mawe. Mtoto anayefukuza nyani shambani huokota donge la udongo mkavu, kwa sababu nchi hii yote, kuanzia Wenje kushuka mpaka Garsen, imelimbikizwa na mto Tana, furiko juu ya furiko, tope juu ya tope. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa kuwa kila kinga ya tumbo la pikipiki niliyoonyeshwa dukani, na kila ushauri nilioupata kwa watu wa mbali, ulihusu mawe. Adui yetu sisi ni kisiki.

Mimi ni muuguzi. Kazi yangu hunipeleka vijijini nikiwa na kisanduku cha chanjo kilichofungwa nyuma ya kiti, juu ya pikipiki ya cc 125 yenye matairi ya meno. Sikuzaliwa fundi. Niliyoyajua kuhusu tumbo la pikipiki niliyajua siku moja ya kiangazi, nikitoka Wenje kuelekea mtoni.

Ilikuwa njia ya ng'ombe, vumbi la kuzamisha kiatu, miti ya mathenge pande zote mbili. Mtu alikata mathenge ya kuchoma makaa akaacha kisiki cha shubiri moja hivi. Kilikatwa kwa panga, kwa mshazari, kwa hiyo kilichongoka kama mkuki. Gurudumu la mbele lilikikwepa. Tumbo halikukikwepa. Nikasikia "ko!", sauti kavu ya sufuria iliyogongwa na mchi, pikipiki ikaruka kidogo, ikaendelea. Nikamshukuru Mungu kwa kutoanguka, nikaongeza mwendo.

Mita mia tatu mbele nikasikia harufu ya oili inayoungua kwenye ekzosi. Nikatazama chini. Kiatu changu cha kushoto kilikuwa kinang'aa. Nikazima injini pale pale, na namwomba kila anayesoma hapa akumbuke kufanya hivyo kabla ya jambo lingine lolote. Pikipiki ya ukubwa huo hubeba oili takriban lita moja tu. Ufa wa upana wa ukucha unatosha kuimaliza kabla hujafika kijiji cha pili. Ikiisha, pistoni na silinda husuguana kavu, joto hupanda, injini inanoki, na hapo huna tena ufa wa kuziba bali injini nzima ya kufufua.

Chanjo inataka ibaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na barafu ya kisandukuni haingojei mtu. Nilikibeba kisanduku mkononi, nikaanza kutembea. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akirudi Hara alinikuta nimekaa kivulini nikibadilisha mkono. "Daktari, panda," akasema, wala hakutaka nauli. Akina mama walikuwa chini ya mwembe tangu asubuhi. Watoto walichanjwa. Lakini njiani kote, nikiwa nimekumbatia kile kisanduku, nilikuwa nafikiria kwamba kazi yote hii imening'inia kwenye unene wa milimita chache za chuma laini.

Chuma laini chenyewe ni aluminiamu. Gamba la injini humiminwa kwenye kalibu, likapoa, likachongwa. Aluminiamu hulifanya liwe jepesi, na kumiminwa kunalifanya liwe rahisi kuundwa, ila hulinyima uwezo wa kupinda. Bamba la chuma ukiligonga hubonyea. Gamba la injini ukiligonga hupasuka. Tena sehemu iliyo chini kabisa, inayotangulia kukutana na ardhi, ndiyo yenye nati ya kumwagia oili. Nati ikipigwa upande huondoka na nyuzi zake, na pengine na kipande cha gamba.

Kulichomelea gamba kama hilo si kazi ya welda wa kawaida anayetengeneza milango na madirisha. Aluminiamu inataka mashine nyingine na gesi ya argoni ya kuikinga na hewa wakati wa kuyeyuka. Langu lilibidi lifunguliwe lisafirishwe mpaka Malindi, zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen. Kuna wanaosema uzibe kwa sabuni ya kipande. Sabuni husaidia tangi la petroli linalovuja, kwa kuwa petroli ni baridi. Oili ya injini ina moto, na sabuni huyeyuka. Gundi ya chuma ya kuchanganya mirija miwili inaweza kukufikisha nyumbani, mradi pahali pa ufa pasafishwe kwa petroli na pakauke kabisa kabla ya kupaka, na usiitegemee kwa mwezi mzima.

Sasa nirudi kwa kisiki, maana hapo ndipo uchaguzi wa kinga unapoanzia. Mathenge haukuwa mti wetu. Uliletwa Kenya mwaka 1973 kufunika machimbo karibu na Mombasa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapandwa huku Tana River, kwenye mradi wa umwagiliaji wa Bura. Ng'ombe na mbuzi walikula maganda, wakazitawanya mbegu, mafuriko yakamalizia kazi. Ukiukata haufi, huchipua kwenye kisiki kile kile. Mbao zake ni ngumu na nzito. Ongeza visiki vya miti iliyochomwa wakati wa kusafisha mashamba, na mizizi ya miti inayopita juu ya njia kama mishipa ya mkono wa mzee, utaelewa tunapita wapi.

Jiwe na kisiki havipigi sawa. Jiwe likiguswa hubingirika, au pikipiki huteleza juu yake, kwa hiyo watu wa milimani wanataka bamba nene linalostahimili kukwaruzwa mwaka mzima. Kisiki kimeota. Hakisogei. Kinapiga nukta moja, na kikipata ukingo kinashika. Bamba linaloishia mbele kwa mdomo uliokatwa wima ni kama ndoana: kisiki kinaingia chini ya mdomo, pikipiki inasimama ghafla, wewe unaendelea. Kwa hiyo unene si swali la kwanza. La kwanza ni umbo. Pua ya kinga ipande juu mbele ya injini, ifuate bomba la mbele la fremu, ikikaribishe kisiki kwa mteremko. Tumbo liwe laini, bila vichwa vya bolti vilivyojitokeza, bila tundu kubwa upande wa mbele. Na ubavuni ipande kidogo pia, kwa sababu visiki havitoki mbele tu.

Kuhusu malighafi ya kutumia, nimekutana na aina tatu: chuma cha kawaida, aluminiamu na plastiki nzito. Uzito tunaweza kuupiga hesabu wenyewe. Chukua bamba la sentimita 30 kwa 40. La chuma cha milimita 3 litakuwa na karibu kilo 2.8. La chuma cha milimita 2, kilo 1.9. Aluminiamu ya milimita 4 ni kilo 1.3, na plastiki ya milimita 8 haifiki kilo moja. Mtu wa mashindano ataikimbilia plastiki au aluminiamu, na ana haki. Plastiki huteleza vizuri juu ya kisiki na haipigi kelele, ila ikikaa karibu na ekzosi hulainika, na ikipasuka hakuna wa kuishona. Aluminiamu haishiki kutu ya chuma, lakini ukiifunga kwa bolti za chuma kwenye hewa ya chumvi, mathalan upande wa Kipini, inaliwa polepole pale zinapogusana.

Mimi nilichagua chuma cha kawaida, na ningechagua tena. Kila steji ina mtu mwenye nyundo na mashine ya kuchomelea. Chuma kikibonyea hugongwa kikanyooka, kikichanika huchomelewa jioni ile ile. Kwa mtu anayekaa mbali na duka la spea, kile kinachotengenezeka karibu kina thamani kuliko kilicho chepesi. Ila usikubali bati la pipa la oili. Linapatikana kwa urahisi na linakunjika kwa mkono, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: kisiki nacho kitalikunja kwa urahisi huo huo. Nilionyeshwa pia kipande kizuri sana cha aluminiamu, na nyuma yake bado ilikuwepo rangi ya alama ya barabarani. Nilikirudisha. Pahali fulani palikuwa na kona ambayo dereva wa usiku hakuonywa tena, na sisi wa zahanati ndio tunaopokea watu wa kona hizo.

Fundi wangu wa Garsen ana banda la mabati na kipande cha turubai anacholalia chini ya pikipiki. Hakugusa chuma mpaka saa nzima ikapita. Alichukua katoni ya biskuti, akalala chali, akaipachika chini ya injini, akaikata kwa wembe, akaikunja, akaitoa, akaikata tena. Nilikuwa na haraka, naye hakuniangalia hata kidogo. "Katoni nikiikosea naitupa, daktari. Chuma nikikikosea utakilipia." Alipomaliza, ile katoni ilikuwa imekaa chini ya pikipiki kama kiganja kilichopokea yai.

Tulikubaliana milimita 2, badala ya 3, kwa sababu ya mikunjo. Tazama bati la paa: ni jembamba kama karatasi, lakini mikunjo yake inalifanya libebe mtu. Fundi alikunja kingo za kushoto na kulia juu kwa sentimita nne, na pua akaikunja mara mbili kwa pembe ndogo ndogo badala ya pembe moja kali. Nilisimama juu ya lile bamba kwa miguu miwili, nalo halikulegea.

Kisha likaja suala la wapi kulifunga, na hapa watu wengi wanaharibu. Ni rahisi kuifungia kinga kwenye bolti zinazoishikilia injini, kwa kuwa tayari zipo na ziko pahali pake. Ukifanya hivyo, kila pigo la kisiki litapita kwenye bamba, liingie kwenye bolti, liishie kwenye gamba lile lile ulilotaka kulilinda. Kinga ibebwe na fremu. Kama fremu yako ina mabomba yanayopita chini ya injini, una bahati, vibano viwili mbele na viwili nyuma vinatosha. Kama injini yenyewe ndiyo imening'inia bila bomba lolote chini yake, kama zilivyo baadhi ya pikipiki zilizoundwa kwa lami, basi kwanza itengenezwe mikono miwili ya flati baa kutoka bomba la mbele mpaka pale vikanyagio vinapofungwa, ndipo bamba likae juu ya mikono hiyo. Mwenye bodaboda alale chini atazame ya kwake. Asitegemee ya jirani, hata kama ni za kampuni moja.

Napendelea vibano vya kuzunguka bomba kuliko kuchomelea masikio kwenye fremu. Moto wa kuchomelea hubadilisha chuma pembeni ya mshono na kuunguza rangi, na kutu huanzia hapo. Kibano ukikichoka unakifungua. Kama ni lazima kuchomelea kitu chochote kwenye pikipiki, ondoa kwanza waya za betri, na chomoa kile kisanduku kidogo cha umeme kinachotawala cheche za plagi. Umeme wa mashine ya kuchomelea ukipata njia huko, utaunguza kifaa ambacho huenda usikipate Garsen wala Hola.

Kati ya bamba na injini tuliacha nafasi ya kidole kimoja. Lazima chuma kiwe na pahali pa kubonyea kabla hakijagusa gamba. Penye kugusana na fremu tuliweka vipande vya tyubu kuukuu, na kelele ikaisha. Bolti za mbele hazikuingizwa kutoka chini. Fundi alizipitisha ubavuni, kwenye mikunjo, ili kisiki kisikutane na kichwa cha bolti hata kimoja. Za nyuma ni za kichwa kinachozama, na nati zote zina mpira ndani ili mtetemo usizilegeze. Hata hivyo zilikazwa tena baada ya safari ya kwanza, maana rangi na mpira hushindiliwa, na nafasi hupatikana.

Kuna jambo moja ambalo nisingelifikiria. Fundi aliniketisha juu ya pikipiki, akamwita msaidizi wake, wote wawili wakabonyeza usukani kwa uzito wao mpaka shoko za mbele zikaisha kabisa, naye mtu wa tatu akachungulia: je, tairi linaigusa pua ya kinga? Ukiruka mfereji, gurudumu la mbele hurudi juu na nyuma. Likikutana na chuma, limefungwa breki usiyoiomba. Yetu ilibaki na vidole viwili. Fundi akakata pua mpaka vikawa vinne, akaikunja upya. Nikamuuliza kwa nini vinne. Akanyoosha mkono kuelekea bonde la mto. Udongo wetu mweusi ukiloa hunata, tairi huvaa tope juu ya tope, na tairi lililovaa tope si lile lililopimwa bandani.

Tope hilo ndilo ninaloliogopa zaidi baada ya visiki. Huingia kati ya kinga na injini, jua likitoka hukauka likawa tofali. Injini zetu nyingi hupozwa na hewa inayopita kwenye mapezi ya silinda, na mapezi yakizibwa hakuna kinachopoza. Kwa hiyo kinga isipande mpaka ikayafunika, na iwe wazi kabisa nyuma ili tope lisukumane litoke. Tulitoboa mianya mirefu nusu ya nyuma tu. Kiangazi kuna nyasi kavu zinazojikusanya pale pale, ubavuni mwa ekzosi yenye moto. Naziondoa kwa kijiti kila ninaposimama, kabla sijakishusha kisanduku. Tundu la kumwagia oili liko chini ya nati yake hasa, kubwa kiasi cha kuingiza spana ya boksi, si zaidi. Nimeona tundu la upana wa kikombe kwenye kinga ya mtu mwingine, na kisiki kinaingia humo bila kubisha hodi.

Watu wa mbio za magari wamelijua suala la kinga ya tumbo siku nyingi. Magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953, yalijifunza mapema kubeba bamba chini ya sampu, yaani bakuli la oili la injini, na ndiyo sababu madereva wa Kenya wana neno "sampugadi" mdomoni. Kwenye mashindano ya Dakar, baadhi ya pikipiki hufanya kinga hiyo kuwa stoo pia, zikabeba maji na vifaa ndani yake. Yamaha nao waliunda AG100 kwa ajili ya wakulima, AG ikiwa ni kifupi cha kilimo kwa Kiingereza, kwa kutambua kwamba pikipiki ya kazi hupita mahali pasipo njia. Wahudumu wengi wa afya na wa mifugo barani Afrika wamepewa pikipiki za namna hiyo. Ombi langu kwa wanaotununulia pikipiki ni dogo: mtu wa manunuzi aje siku moja apite njia tunazopita, kabla hajaandika kwamba kinga ya chini ni pambo.

Mzee wa mtumbwi ndiye aliyeikagua kinga yangu kwa ukali kuliko wote. Nikivuka kwenda Mnazini, pikipiki hulazwa kidogo ili ipite ukingo wa mtumbwi, watu watatu wakiishika. Mara ya kwanza na kinga mpya alinizuia. Akainama, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa chuma, taratibu, kutoka pua mpaka nyuma. Kidole kikatoka na mkwaruzo mweupe. "Mwanangu, huu ni msumeno. Mtumbwi huu ni mti mmoja." Nilirudi Garsen, fundi akazipiga kingo zote kwa tupa mpaka zikawa mviringo, akapaka rangi. Mzee akapitisha kidole tena, akasema haya, leta.

Tangu hapo imebonyea mara tano. Nazijua zote: mbili za mashamba ya mpunga baada ya maji kushuka, moja ya mzizi wa mti, nyingine ya mfereji wa lori uliokauka, na ile ndefu ya ubavuni ambayo sikuisikia hata ilipopigwa. Kila nikibadilisha oili naifungua, naikung'uta, naipitishia taa kutafuta nyufa kwenye mikunjo, naipaka rangi pale ilipochubuka.

Kile kisiki cha njia ya Wenje bado kipo. Mvua za vuli zilipokuja kilichipua pande zote, na sasa kina majani ya kijani yanayofika gotini. Kinaonekana kutoka mbali.